Alama za Kuvuna Osuga

Vitalu vya Gredi ya Tisa vilikuwa nyuma ya maktaba, kati ya ukuta wa jikoni na tangi la maji. Kila mwanafunzi alikuwa na kitalu chake, kipana kama mlango, na kibao cha jina kimechomekwa kwenye kona. Jumatatu asubuhi Jacinta Khaemba, mwalimu wa kilimo, alifika hapo akiwa na karatasi za tathmini na mizani, akakuta mboga zote zimeshavunwa.

Haikuwa kazi ya wezi wala ya mbuzi. Lango la seng'enge lilikuwa limefungwa, majembe yalikuwa yamepangwa mahali pake, na njia kati ya vitalu ilikuwa imefagiwa. Aliyevuna alikuwa na ufunguo, alikuwa na muda, na hakuwa na wasiwasi.

Mboga yenyewe ilikuwa osuga, ile chungu kidogo ambayo kwingine nchini huitwa managu. Wanafunzi walikuwa wameipanda tangu mbegu. Mradi huo ulikuwa sehemu ya tathmini ya shuleni: mwalimu hushuhudia kazi hatua kwa hatua, huipa alama, kisha huzituma alama hizo kwenye tovuti ya baraza la mitihani. Kuandaa udongo, kupanda, kupalilia na kudhibiti wadudu vilikuwa vimekamilika. Ilibaki hatua ya kuvuna, ambayo ndiyo iliyobeba uzito mkubwa kuliko zote. Mwanafunzi alitakiwa avune mwenyewe mbele ya mwalimu, achambue, aoshe, afunge mafungu, halafu aeleze alichofanya na sababu yake. Siku iliyopangwa ilikuwa hiyo hiyo Jumatatu, na ilikuwa imebandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu wiki mbili nyuma.

Jacinta alikwenda moja kwa moja ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Kwani hukuwa kanisani jana?" Bi. Dorca Ondiek alimwuliza.

"Mimi husali katika kanisa la Marafiki, Madam. Unajua."

"Basi ulikosa. Jana ilikuwa Shukrani ya Mavuno. Watoto walileta mboga zao mbele, kila mmoja na fungu lake. Halafu mnada. Yaye! Watu walinunua mpaka nikashangaa."

Shule ilikuwa ya kanisa, upande wa Otonglo, pembeni mwa mji wa Kisumu, na kanisa lenyewe lilikuwa ndani ya uwanja wa shule. Desturi ya hapo ilijulikana na wote: mazao yaliyotolewa sadaka hunadiwa baada ya ibada, anayetaja bei ya juu huenda nayo nyumbani, na fedha huingia kwenye mfuko wa basari, unaowalipia wanafunzi karo.

"Nani aliwaambia wavune?" Jacinta aliuliza.

"Mzee Muchiri. Ijumaa, kwenye ibada ya shule. Aliongea vizuri sana. Jumamosi wakaja wenyewe, wakaomba ufunguo. Mimi ndiye niliwapa." Dorca aliweka kalamu chini. "Kuna shida?"

"Zile mboga zilikuwa mtihani."

Mwalimu mkuu alianza kupanga, kwa sababu kupanga ndiko alikokuweza. "Sikiliza. Otonglo iko hapo tu. Tunatuma mtu sokoni analeta osuga, watoto wanaosha, wanafunga, unapiga picha. Saa sita umemaliza."

"Nitaandika nimewaona wakivuna nini?"

"Osuga."

"Ya nani?"

"Wee Jacinta. Osuga ni osuga."

"Kwenye sufuria, ndiyo."

Dorca hakucheka. "Na ukiacha wazi?"

"Nikiacha wazi, hatua hiyo itahesabiwa sufuri. Kwa wote."

"Sasa unaona."

"Naona. Nipe mpaka Alhamisi."

"Alhamisi jioni tovuti inafungwa."

"Ndiyo maana nimesema Alhamisi."

"Na Alhamisi hiyo hiyo, baada ya chakula cha mchana, kamati ya basari inakaa. Wanataka alama za masomo yote mezani. Usiniaibishe mbele ya wazee."

Jacinta alirudi kwenye vitalu. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akasoma upya vigezo vya hatua ya kuvuna, neno kwa neno, kama mtu anayesoma mkataba. Kanuni ziliruhusu mwalimu asiyeshuhudia atumie ushahidi mwingine, mradi auandike. Vigezo havikuuliza mboga ziko wapi. Viliuliza zilivunwaje: kama mwanafunzi alitumia njia inayofaa, kama aliacha mmea katika hali ya kuendelea kuzaa, kama mazao yalikuwa safi na yamefungwa vizuri, na kama alijua kueleza. Mambo mawili ya kwanza hayakuwa yamekwenda kanisani. Yalikuwa bado ardhini.

Darasani alikuwa amefundisha hivi: osuga hukatwa kwa kisu kikali, kiganja kimoja juu ya ardhi, mkato wa mshazari, na shina huachwa na vifundo vyake ili lichipuke tena. Ukikata hivyo unavuna kitalu kimoja mara nyingi. Ukiing'oa umevuna mara moja.

Alipita kitalu baada ya kitalu. Vingi vilikuwa na visiki, vingine vimekatwa sawasawa, vingine chini mno, vichache vimeraruliwa kwa mkono. Kitalu cha Ivy Muchiri, binti wa mzee yule yule wa ibada ya Ijumaa, kilikuwa kama picha ya kitabuni: kila kisiki urefu mmoja, na kwenye kona za majani vijichipukizi vya kijani vilikuwa vimeanza kuonekana. Vitalu saba havikuwa na visiki. Vilikuwa na mashimo. Alivipiga picha vyote, kila kimoja na kibao chake.

Kitalu cha mwisho kwenye safu ya ukutani kilikuwa cha Sheryl Okinyi. Jacinta alisimama hapo muda mrefu kuliko kwingine. Sheryl ndiye aliyekuwa mkulima bora wa darasa. Katika hatua zilizotangulia hakuwa amepoteza karibu chochote. Kitalu chake kilikuwa mashimo matupu, yamepangwa kwa mistari iliyonyooka.

Ilibaki swali la usafi na ufungaji. Kwa hilo alimtafuta Oketch, mwalimu wa kompyuta, ambaye Jumapili hushika kamera ya kanisa.

"Ibada yote iko kwenye ukurasa wa kanisa," Oketch alisema. "Saa tatu na nusu. Utaokoka kabla haijaisha."

"Nionyeshe mnada tu."

Walitazama wakiwa kwenye chumba cha kompyuta. Mbele ya kanisa alisimama Hiram Muchiri na kipaza sauti. Muchiri alikuja Kisumu kutoka Nyeri akiwa kijana, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na sasa alikuwa mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati ya basari, na mnadi wa kila mavuno. Kazi ya mwisho ndiyo aliyoipenda kuliko zote.

"Haya, fungu hili ni la nani? La Ivy. Huyu ni wangu, sitamsifu, mtasema naleta ukabila wa nyumbani." Watu walicheka. "Nani anaanza? Mama pale nyuma, umeinua mkono au unajipepea?"

"Najipepea, Mzee!"

"Hapana, nimeshaona mkono. Umeanza wewe."

Jacinta alisimamisha video kwenye kila fungu, akatazama, akaandika. Majani yameoshwa au la. Kamba imekazwa au la. Oketch alimtazama akiandika.

"Wewe unaweza kusahihisha hata Hukumu ya Mwisho," alisema.

"Endelea mbele."

Zamu ya Sheryl ilipofika, Muchiri alilipokea fungu akatulia. Kisha akaliinua juu ya kichwa chake. Mizizi ilining'inia, na donge la udongo likadondoka kwenye zulia.

"Ngojeni kwanza. Ngojeni. Tazameni hii. Mtoto huyu hakubakiza kitu. Mpaka mizizi! Mpaka udongo ameuleta!"

Kanisa zima lilipiga makofi. Sheryl alisimama kando, mikono nyuma, uso umetulia. Bei ilipanda haraka, ikapita ya mafungu yote yaliyotangulia, na mwishowe Muchiri mwenyewe akalinunua.

"Mnadi akinunua, huo si ni ufisadi?" sauti ya mwanamke ilisikika kutoka safu ya mbele.

"Ni ufisadi mtakatifu, Bi. Atieno. Andika jina langu."

Jacinta aliandika: halikuoshwa, lina udongo, limefungwa vizuri.

Kesho yake aliwaita wanafunzi mmoja mmoja kando ya tangi la maji kwa ajili ya maelezo ya mdomo. Ivy alijibu kwa ufupi na sawasawa. Wengine walibabaika. Sheryl alijibu kuliko wote.

"Mtu akivuna osuga anakata wapi?"

"Kiganja kimoja juu ya ardhi, mshazari, maji yasituame juu ya kisiki na kuoza. Unaacha vifundo. Chipukizi hutoka kwenye vifundo."

"Na wewe ulikata wapi?"

"Sikukata, Mwalimu. Niling'oa."

"Kwa nini?"

"Mzee Muchiri alisema mtu anayempa Mungu majani akabakiza shina ana mpango wa kurudi kuchukua. Alisema tulete na mizizi."

"Ulikumbuka nilichofundisha?"

"Nilikumbuka." Sheryl alifikiri. "Nilidhani hiyo ni ya sokoni."

Jacinta aliandika majibu yote. Msichana alibaki amesimama.

"Mwalimu, alama yangu ya kuvuna ni nini?"

"Sijamaliza kujumlisha."

"Lakini unajua."

Jacinta hakuona sababu ya kuficha. "Kwa maelezo umepata alama zote. Kwa njia ya kuvuna hujapata, kwa kuacha mmea uzae hujapata, na kwa usafi hujapata."

"Kwa hivyo somo lote litashuka."

"Litakuwa kukaribia matarajio."

Wote wawili walijua maana yake. Sheryl aliishi Nyalenda, mtaa wa mabanda, na mamake, ambaye hufua nguo kwenye nyumba za Milimani, siku ikipatikana. Karo yake ilikuwa imelipwa na basari ya kanisa tangu Gredi ya Saba. Alhamisi kamati ingechagua watakaoendelea kulipiwa katika shule ya upili, na sharti lake lilikuwa moja, limeandikwa na linajulikana: mwanafunzi asiwe na somo hata moja chini ya kufikia matarajio. Bila basari, Sheryl hangekwenda.

"Nani alikuwa sahihi?" Sheryl aliuliza. "Wewe au Mzee?"

"Kuhusu mboga, mimi."

"Na kuhusu Mungu?"

"Hilo halimo katika vigezo vyangu."

Sheryl aliitikia kwa kichwa, akarudi darasani.

Mchana huo Dorca alizitazama alama akavuta pumzi. "Yaani mtoto wa Nyalenda aanguke, halafu Ivy Muchiri awe amezidi matarajio. Unajua watu watasema nini?"

"Watasema nimempendelea Ivy."

"Na utajibu nini?"

"Nitawaonyesha visiki vyake."

"Jacinta, mama yangu. Ni neno moja tu. Futa 'kukaribia', weka 'kufikia'. Ulimwona huyo mtoto akipalilia muhula mzima. Unajua anaweza."

"Najua anaweza. Sikuulizwa kama anaweza. Nimeulizwa kama alifanya."

"Na Alhamisi utakaa hapo ukitazama anapoteza shule?"

Jacinta alikuwa amelifikiria jambo hilo kuliko Dorca alivyodhani. "Kuna kitu kimoja cha kuuliza Milimani, nyumbani kwa Mzee Muchiri," alisema. "Nitakwenda kesho baada ya vipindi."

Nyumba ya Muchiri ilikuwa na ua mpana, magari mawili, na bustani ndogo ya jikoni karibu na banda la kuku. Jacinta alipoingia langoni macho yake yalikwenda kwanza kwenye bustani. Kanuni ziliruhusu hatua irudiwe kabla ya siku ya kufunga, ilimradi zao ni la mwanafunzi mwenyewe. Mmea ulionunuliwa na mizizi na udongo wake unaweza kuchomekwa ardhini ukashika. Ilikuwa nafasi ndogo, lakini ilistahili kuulizwa.

"Zile osuga za Sheryl mlizipanda?" alimwuliza Wangu, mke wa Muchiri, hata kabla hajakaa.

"Tuzipande? Tulizipika Jumapili ile ile, na maziwa. Tamu! Mizizi niliwatupia kuku." Wangu alimtazama. "Kwani hazikuwa za kula?"

"Zilikuwa za kula," Jacinta alisema.

Muchiri alitoka ndani na miwani juu ya paji la uso, akamkaribisha kwa sauti ile ile ya mnada. Jacinta alimweleza mambo kwa mpangilio: siku ya tathmini, ufunguo, visiki, mashimo, vigezo, alama, sharti la basari. Hakuongeza neno. Alipomaliza sauti ya mnada ilikuwa imekwisha.

"Unataka kusema nimemfelisha mtoto?"

"Nataka kujua ulisema nini hasa Ijumaa. Nisije nikaandika kitu ambacho hukusema."

"Mwalimu, mimi nilikuwa nazungumza kuhusu moyo."

"Sheryl amenieleza kuhusu mizizi."

Muchiri alivua miwani. "Nilitaja mizizi, ndiyo. Ilikuwa mfano."

"Wanafunzi saba waliufuata."

Ivy aliingia na birika la chai. Babake alimgeukia. "Wewe. Ijumaa si ulinisikia nikisema mlete na mizizi?"

"Nilisikia."

"Mbona ulikata?"

"Mwalimu alisema tukate, Baba."

"Na mimi je?"

"Wewe ulikuwa unahubiri," Ivy alisema, akamimina chai.

Wangu aligeuza uso dirishani, mabega yakitikisika. Muchiri alisubiri binti yake atoke.

"Huyu amepata nini?"

"Kuzidi matarajio."

"Mpunguzie."

"Siwezi. Alikata vizuri."

"Basi mwongezee yule mwingine."

"Hakukata."

"Mwalimu, kweli una moyo wewe?"

"Mzee, nina karatasi ishirini na nane, na zote zimejazwa kwa njia moja. Nikiigusa moja, nitakuwa nimezidanganya zile nyingine. Alama ni yangu, na itabaki ilivyo. Lakini sharti la basari si langu. Mlilitunga ninyi."

Muchiri aliutazama mvuke wa chai yake. "Nani mwingine anajua kuwa ni mimi niliyewaambia?"

"Gredi ya Tisa yote."

"Na kamati?"

"Bado."

Jacinta aliondoka bila ahadi yoyote. Muchiri alimsindikiza mpaka langoni, jambo ambalo hufanywa kwa kila mgeni, akamtakia safari njema.

Alhamisi kamati ilikaa kwenye maktaba. Walikuwa watano: Muchiri mwenyekiti, Bi. Atieno mweka hazina, wazee wawili wa kanisa, na Dorca kama katibu. Jacinta aliitwa akae mwisho wa meza endapo swali lingetokea. Majina matatu ya kwanza yalipita upesi. La nne lilikuwa la Sheryl Okinyi.

Dorca alisoma alama. Zilikuwa nzuri mpaka alipofika kwenye kilimo.

"Kilimo?" Bi. Atieno alishangaa. "Si huyu ndiye alileta mboga ya mizizi? Ile iliyouzwa kuliko zote?"

"Ndiye," Jacinta alisema.

"Sasa ameangukaje kilimo?"

Jacinta alieleza kwa sentensi nne. Mzee mmoja alikuna kidevu. "Si mwalimu arekebishe tu? Mtoto alikuwa anamtolea Mungu."

"Nimerekodi nilichokikuta ardhini," Jacinta alisema. "Kama kamati inataka kwenda kutazama, vitalu viko nyuma ya ukuta huu."

Hakuna aliyeinuka. Bi. Atieno alifunga faili lake taratibu. "Mimi namhurumia, wallahi, lakini mwaka jana tulimwondoa mtoto wa Wabwire kwa somo moja. Somo moja tu. Mamake mpaka leo hanisalimii. Tukimwacha huyu apite, nitamwambia nini?"

Kila mtu alimtazama mwenyekiti. Jacinta alitazama mikono yake mwenyewe. Alichokuwa nacho cha kusema kuhusu Ijumaa alikuwa tayari kukisema, lakini alitaka kwanza kuona kama kitasemwa na mwenyewe.

Muchiri alikohoa. "Mtoto wa Wabwire," alisema, "hakuambiwa afeli na mwenyekiti wa kamati."

"Yaani?"

"Mimi ndiye niliwaambia. Ijumaa, kwenye ibada. Nilisema waje na mizizi. Mwalimu alikuwa amewafundisha wakate, na mimi sikujua, kwa sababu sikuuliza. Nilifundisha kilimo kanisani bila kumwona mwalimu wa kilimo." Alipangusa uso kwa leso. "Halafu Jumapili nikamwinua juu mbele ya watu, nikamsifu. Aliyenisikiliza ndiye huyu tunataka kumwondoa. Asiyenisikiliza ni binti yangu, na amezidi matarajio. Nimeshindwa kulala na hesabu hiyo."

"Kwa hivyo alama ibadilishwe?" mzee wa kidevu aliuliza kwa matumaini.

"Alama ibaki. Mwalimu ameshakataa, na nimechunguza, ana haki. Ninachoomba ni kamati iseme hivi: mwanafunzi asipoteze basari kwa kutii maagizo aliyopewa na shule hii hii. Ibada ya Ijumaa iko kwenye ratiba. Ni kipindi kama kingine. Kwa hivyo ni sisi tuliomfundisha mambo mawili yanayopingana ndani ya wiki moja, kisha tukamtahini kwa moja."

"Hilo naweza kumwambia mama Wabwire," Bi. Atieno alisema baada ya kulipima. "Hatalipenda, lakini ataelewa."

Walipiga kura kwa mikono. Sheryl alibaki kwenye basari. Dorca, akiandika, aliongeza pendekezo lake: kuanzia muhula ujao, atakayezungumza kwenye ibada ya Ijumaa apewe kwanza mpango wa masomo wa wiki hiyo, na kama anakusudia kuwaagiza wanafunzi wafanye jambo, amwone mwalimu wa somo husika.

"Yaani sasa nitahubiri kwa ruhusa ya idara ya kilimo?" Muchiri alilalamika.

"Kwa mboga tu, Mzee," Jacinta alisema.

Pendekezo lilipita. Muchiri naye aliinua mkono, ingawa wa mwisho.

Kabla ya kufunga siku Jacinta alizituma alama zote kwenye tovuti, akasubiri mpaka skrini ikathibitisha kuwa zimepokelewa. Kisha akamwita Sheryl kutoka kwenye kipindi cha usafi. Msichana alikuja na ufagio mkononi.

"Kamati imekubali uendelee," Jacinta alimwambia. "Karo yako ya shule ya upili italipwa."

Sheryl aliuegemeza ufagio ukutani. Alifumba macho, akayafumbua. "Asante, Mwalimu."

"Usinishukuru mimi. Aliyesema ni Mzee Muchiri."

"Na alama?"

"Imebaki. Nimeituma sasa hivi."

Uso wa msichana ulibadilika. Jacinta aliona kwamba furaha haikuwa imeondoka, bali kitu kingine kilikuwa kimekaa juu yake.

"Lakini mimi najua kukata. Ulinisikia nikieleza."

"Nilikusikia. Ulieleza kuliko wote, na nimeandika hivyo kwenye kigezo cha maelezo."

"Huko niendako watasoma kwamba sijui kuvuna."

"Watasoma kwamba siku ile hukukata."

Sheryl alisimama akilifikiria hilo, kidole kikichezea ncha ya ufagio. Alitafuta mahali pa kulipinga, ilikuwa wazi kwamba anatafuta, na Jacinta alimwacha atafute.

"Hiyo ni kweli," Sheryl alisema mwishowe. Akachukua ufagio wake akaenda kumalizia veranda.